Mwalimu Ethel na Mashine Isiyokisia

Ethel alikuwa amevuka miaka arobaini alipoamua kusoma kompyuta, na hadi siku hiyo alikuwa hajawahi kuigusa hata moja.

Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari pale Newala. Kwao hasa ni Masasi, katika moja ya zile familia za Kianglikana ambazo mababu zao walifundishwa kusoma na wamisionari, familia ambazo mtoto akiacha shule habari hunong'onwa kama ya ugonjwa. Alipelekwa Newala kwa uhamisho wa kikazi, akiwa binti bado, akakuta upepo usiolala, baridi ya asubuhi na shida ya maji. Mwaka wa kwanza aliandika barua mbili kuomba kurudishwa. Mwaka wa pili akamfahamu Filemoni, mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa kwaya ya kanisa, na barua hizo hakuziandika tena. Wakaoana, wakampata binti mmoja, wakamwita Gift.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Korosho, ambazo zamani chama cha ushirika ndicho kilichozinunua peke yake, sasa zilifuatwa mpaka vijiji vya Mnyambe na Chilangala na watu wenye malori na mizani yao wenyewe. Mitumba ilijaa sokoni. Redio zilizungumza usiku kucha, tena kwa lugha ya vijana. Na kila aliyetoka Dar es Salaam alikuja na neno moja: kompyuta. Mshahara ukichelewa, ni kompyuta. Jina la mwalimu likikosekana kwenye orodha ya kupandishwa daraja, ni kompyuta. Watu walilitamka neno hilo kama wanavyotaja kudra ya Mungu, kwa kuinua mabega. Hilo lilimkera Ethel. Kitu kilichotengenezwa na watu, alijiambia, lazima mtu aweze kukielewa.

Basi aliposikia kwamba kuna shahada inayosomwa kwa masafa, mtu akiwa nyumbani kwake na kazini kwake, na kwamba hesabu na kompyuta zimo, alijaza fomu bila kumwambia mtu yeyote isipokuwa mumewe.

"Utaisomea wapi hiyo kompyuta?" Filemoni aliuliza.

"Hapahapa."

"Hapahapa haipo."

"Najua haipo, Baba Gift. Vitabu vitakuja."

Filemoni alicheka kidogo, jambo ambalo siku hizo lilikuwa nadra. Alikuwa haoni tena. Presha ya macho ilimnyemelea taratibu, kwanza ikala pembeni, akawa anagonga mabega ya watu njiani na kuomba radhi, kisha ikala katikati. Alipofikishwa hospitali aliambiwa kilichokwisha kupotea hakirudi. Aliacha kufundisha, akaacha kwaya, akawa anakaa kwenye kiti cha kamba barazani akisikiliza redio kwa sauti ya chini. Gift alikuwa bweni huko Tanga, akimalizia kidato cha sita. Nyumba ilikuwa kimya. Ethel alimhudumia mumewe kwa moyo wote: alimpangia nguo, alimkatia nyama kwenye sahani, na wageni wakija aliwaeleza hali yake kabla hawajauliza.

Vitabu vilikuja kweli, kwa basi, vimefungwa kamba. Cha kwanza kilihusu misingi ya kompyuta, na Ethel alikisoma kwa njaa. Alijifunza kwamba mashine ile yote, pamoja na vitisho vyake vyote, inajua vitu viwili tu, umeme upo au haupo, na kwamba watu wameviita moja na sifuri, wakajenga hesabu nzima juu yake. Alijizoeza kuhesabu hivyo kwa vidole vya mkono mmoja, kidole kikiinuka ni moja, kikilala ni sifuri, mpaka akafika thelathini na moja bila kutumia mkono wa pili. Wanafunzi walimwona akitembea uwanjani akichezesha vidole, wakasema mwalimu ana ganzi.

Shida ilianza kwenye kitabu cha pili, kile cha kuandika programu. Kila mwisho wa sura kiliagiza jambo lilelile: andika programu hii, iendeshe, uangalie matokeo. Kuandika aliweza. Kuiendesha, kwenye nini? Chuo kilikuwa kimepanga wiki za mazoezi ya vitendo mjini Masasi, kwenye ukumbi uliokuwa na jenereta na kompyuta chache, lakini hiyo ilikuwa mara moja tu kwa muhula. Akajaribu kuwa mashine mwenyewe, akifuata maagizo yake kwa penseli mstari kwa mstari. Haikusaidia. Kila alipofika katikati, akili yake iliruka mbele, kwa sababu jibu alikwisha kulijua.

Jioni moja aliitupa penseli mezani, na Filemoni akaisikia ikibingirika mpaka chini.

"Nini tena?"

"Nahitaji mtu mjinga," Ethel alisema kwa hasira. "Mtu afanye ninachosema, hivyo hivyo, asifikiri."

"Nipo mimi."

"Sikusema wewe ni mjinga."

"Sina kazi, ndiyo nasema. Nisomee hayo maagizo. Nitafanya unachosema."

Ethel alisita. Alimweleza kwamba kompyuta huweka namba kwenye visanduku vya kumbukumbu, kila kisanduku na jina lake, na namba hubadilika mara kwa mara. Mtu asiyeweza kuandika angezishikaje? Filemoni alifikiri kidogo. Miaka yote ya kwaya alikuwa akifundisha nyimbo kwa kushika sauti nne kichwani kwa wakati mmoja, akijua kila moja imefika wapi.

"Niwekee cha kwanza kwenye soprano," alisema. "Cha pili alto. Cha tatu tenori, cha nne besi. Haitapotea hata moja."

Na kweli haikupotea. Ethel alisoma maagizo, Filemoni akayatekeleza, na alipoulizwa soprano ina ngapi alijibu papo hapo, akiinamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza mtu aliyesimama mbali. Siku za kwanza zilikuwa vituko. Ethel alisema, "Ongeza moja," Filemoni akauliza, "Kwenye nini?" Akasema, "Rudia," Filemoni akauliza, "Kuanzia wapi, na mpaka lini?" Ilibidi arudi kitabuni, afute, aandike upya. Mwanaheri, jirani yao aliyekuwa akiuza ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha nje ya ua, aliyasikia maneno hayo siku baada ya siku, mwisho akashindwa kuvumilia, akachungulia.

"Mama Gift, samahani. Mnagombana?"

"Hapana, tunasoma."

"Nasikia unamwuliza besi imebaki na ngapi. Mwenzio anasema tisa. Tisa nini?"

"Tisa tu, dada," Filemoni alijibu mwenyewe kutoka barazani, kabla mkewe hajafungua kinywa. "Nimewekewa, nazitunza."

Mwanaheri aliondoka akitikisa kichwa, lakini tangu siku hiyo alikuwa akiwaachia ming'oko kwenye sahani iliyofunikwa kwa kawa, akisema ni ya mashine.

Miezi ikapita. Ethel alipata maksi nzuri kwenye kazi za kuandika, na wiki ya vitendo ilipokaribia alikuwa na programu aliyoipenda kuliko zote. Ilikuwa ya mwalimu: unaipa alama za wanafunzi moja baada ya nyingine, ukimaliza unaipa sifuri, nayo inakupa wastani wa darasa. Waliifanyia majaribio na Filemoni mara nyingi. Kila mara alitoa wastani sahihi.

Akateremka Masasi. Ukumbini walikuwa wanafunzi wa kila namna, mhasibu wa halmashauri, sista mmoja aitwaye Agatha, walimu wenzake. Msimamizi alikuwa kijana mwembamba kutoka Dar es Salaam, Silvano, aliyempokea kwa heshima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu wangu."

Silvano aliona haya kuitwa mwalimu na mama wa umri ule, lakini alimwonyesha kiti. Ethel akakaa mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ilikuwa na vumbi la njano kwenye mabega na kioo kilichovimba kama tumbo. Herufi za kwenye kibodi hazikufuata mpangilio wowote anaoujua, ikamchukua muda mrefu kuandika programu yake, kidole kimoja kimoja. Hatimaye akaiendesha. Akaandika alama ya mwanafunzi wa kwanza, akabonyeza.

Kimya. Kioo kilibaki cheusi, na alama ndogo ikipepesa pembeni. Alisubiri. Akaandika alama ya pili, hakuna kitu. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, kama vile mashine ilikuwa na uziwi. Jenereta iliunguruma nje, na wenzake waliokuwa wakichekelea matokeo yao wakamwongezea joto. Muda wa jaribio ukaisha mikono yake ikiwa mapajani.

Silvano alikuja, akainama, akausoma mstari kwa mstari ule uandishi wake.

"Imekwama," Ethel alisema.

"Haijakwama, mama. Inafanya kazi sana." Alionyesha kwa kalamu. "Hapa umeiambia isome alama. Halafu hapa, ndani ya kitanzi, hii sehemu ya kurudia, umeiambia ijumlishe, irudie mpaka ipate sifuri. Lakini humo ndani hujaiambia isome alama nyingine. Kwa hiyo inajumlisha ileile moja. Tukiiacha itajumlisha mpaka jenereta izime."

"Lakini inafahamika kwamba wanafunzi ni wengi. Nani ana darasa la mtu mmoja?"

"Inafahamika kwetu," Silvano alisema kwa upole. "Yenyewe haikisii."

Hakufaulu sehemu ya vitendo. Silvano alimwambia ataruhusiwa kurudia muhula unaofuata, na kwamba kosa lile hufanywa na wengi, lakini Ethel hakuwa mtu wa kufarijiwa na wingi. Aliwafikiria wanafunzi wake, jinsi alivyokuwa akiwachapa kwa maneno kila waliporuka hatua. Gari lilipoanza kupanda kwenda uwanda wa juu wa Newala na mabonde yakabaki chini yameziba ukungu, alikuwa bado anaipitia ile programu kichwani, na bado ilikuwa inakubali. Kwa Filemoni ilikuwa imekubali kila mara. Mbona?

Alifika nyumbani jua likiwa bado lipo. Filemoni alimsikia anavyotua mkoba, akajua.

"Pole."

"Nimeshindwa."

Akakaa kwenye ngazi ya baraza, akamweleza yote, mpaka ule mstari uliokosekana. Vidole vya Filemoni vilikuwa vinatembea kwenye kamba za kiti.

"Hiyo alama ya pili," alisema mwishowe, "nilikuwa nakuomba mimi."

"Unasemaje?"

"Kumbuka. Nikimaliza kujumlisha, nilikuwa nakwambia, nipe nyingine. Hukuwa umeniagiza niombe. Niliomba tu, maana nilijua unachotaka."

Ethel alimgeukia. Alikumbuka. Sauti yake ilikuwa pale, kila jaribio: nipe nyingine, nipe nyingine, kwa furaha ya mtu aliyepata kazi.

"Kwa nini hukuniambia kwamba sijaagiza?"

"Ningeona najifanya mkaidi. Umetoka kazini, umechoka, nianze kukusumbua kwa jambo linaloeleweka?"

"Lakini tulikubaliana usikisie! Nimekaa mbele za watu kama gogo, Baba Gift. Sista mzima ananionea huruma. Ungeniacha nikosee hapa nyumbani, nisingekosea kule!"

Aliyasema kwa sauti kubwa, na mara akajuta, kwa sababu Filemoni aliupeleka uso wake upande wa ukuta. Lakini alipojibu hakuwa na majuto wala hasira. Alisema polepole, kama aliyekuwa ameyapanga maneno hayo muda mrefu akikosa pa kuyaanzia.

"Ndivyo unavyonifanyia mimi."

"Nini?"

"Mtu akija akiuliza hali yangu, unajibu wewe. Nikinyoosha mkono mezani, umeshanipa chumvi. Mara nyingine naitaka hiyo chumvi. Mara nyingine nilikuwa nataka tu kujua meza imeishia wapi." Akaugeuza uso kumwelekea. "Mwaka jana Anselmo na wazee wa kanisa walikuja. Walikuja kuniomba nirudi kuifundisha kwaya. Nilikuwa nimekaa hapa hapa. Wewe ukawaambia, Baba Gift hawezi sasa."

Ethel alikumbuka ile siku pia. Alikumbuka jinsi Anselmo, mzee wa kanisa, alivyoinama kwa adabu na kusema wameelewa. Alikumbuka alivyojisikia vizuri baada ya wao kuondoka, kama mtu aliyemkinga mwenzake na mvua.

"Nilidhani ungeumia," alisema. "Kusimama mbele yao na..."

"Huenda ningeumia. Hukuniuliza."

Ng'ambo ya ua Mwanaheri alikuwa akimwaga maji ya sufuria. Ethel alitaka kusema samahani, lakini neno hilo aliliona dogo, na alijua pia kwamba Filemoni angeliitikia haraka ili kumwondolea uzito, na wangekuwa wamerudi palepale. Kwa hiyo akauliza.

"Unataka kurudi kwenye kwaya?"

Filemoni hakujibu upesi. Ethel aliona jinsi ilivyo vigumu kuuliza swali halafu ukanyamaza ukingoja jibu lake. Mara mbili alikaribia kumsaidia kulijibu.

"Sijui," Filemoni alisema. "Nataka nikawasikilize kwanza. Nikae nyuma. Mambo mengine nitayajua nikiwa huko."

"Nikupeleke?"

"Nipeleke mpaka mlangoni. Ndani najua."

Jumamosi iliyofuata alimpeleka mpaka mlangoni. Alirudi nyumbani peke yake, akazunguka jikoni bila kazi, akasafisha taa isiyohitaji kusafishwa. Filemoni alirudishwa na kijana mmoja wa besi, koti limejaa vumbi begani kwa sababu aliukosa mlango wa sakristia, uso wake ukiwa na hasira safi ya mtu mwenye afya. Alisema wanaimba kama watu wanaokimbilia basi. Alisema alto hakuna, ni soprano waliochoka. Juma lililofuata alikwenda tena, na la tatu alikuwa amesimama mbele.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Kuna mzee aliyelalamika kwamba kwaya inaongozwa na mtu asiyeweza kuona askofu akiingia. Na nyumbani, Ethel alisahau mara nyingi. Mkono wake ulikuwa unatangulia kwenye chumvi wenyewe. Kuna siku walikosana kabisa kwa sababu ya shati tu, yeye akiona la bluu limechakaa, Filemoni akisema ndilo analopenda kulivaa, chakavu au si chakavu.

Lakini masomo ya jioni yalibadilika. Filemoni alikuwa sasa mashine katili. Asipoambiwa asome, hakusoma. Asipoambiwa aanze na sifuri, alisema, "Besi haina kitu, sijui niongeze kwenye nini," na akanyamaza, mikono magotini, hata Ethel alipomsihi. Akipewa kitanzi kisicho na mwisho alikifuata kwa sauti moja, kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili, mpaka Mwanaheri akapiga kelele kutoka kwake kwamba jamani, mwacheni mtu huyo apumzike. Ethel aliandika, akafuta, akaandika tena. Hasira zilimpanda, kisha zikamwisha, na ndani yake akaanza kupata kitu alichokuwa akikidhania kuwa anacho siku zote kwa kuwa mwalimu wa hesabu: subira ya kusema jambo lote, kuanzia mwanzo, kwa mtu asiyekuwemo kichwani mwake. Darasani nako ikajionyesha. Wanafunzi waliozoea kusikia "kama inavyofahamika" wakaona maneno hayo yametoweka ubaoni, na badala yake mwalimu anauliza, umefahamu nini, niambie.

Muhula uliofuata alirudi Masasi, akakaa mbele ya ileile kompyuta ya vumbi la njano. Silvano aliwapa swali jipya. Programu yake ilikataa mara ya kwanza, kwa nukta-mkato aliyoisahau, ikakataa mara ya pili kwa kosa la herufi, na mara ya tatu ikaomba alama, ikaomba nyingine, ikaomba nyingine. Hakupata maksi ya juu. Alipata ya kutosha. Silvano alipompa mkono alisema, "Mama, ulikuwa unafanyia mazoezi wapi?" Ethel akajibu, "Nyumbani," na kijana yule akadhani wana kompyuta.

Shahada ilimchukua miaka mingi, kama inavyowachukua wengi wanaosoma huku wakifanya kazi. Katikati Gift alimaliza shule na kupata kazi, simu za mkononi zikafika Newala, watu wakawa wanapanda kwenye vichuguu kutafuta mtandao, na bei ya korosho ikapanda na kuanguka. Shule yake ikapewa msaada wa kompyuta kuukuu, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzifungua mbele ya wanafunzi. Kabla hajawaruhusu kuwasha aliwaweka wawili wawili, mmoja aagize na mwingine atekeleze, na wale waliotaka kubonyeza vitufe wakanung'unika wiki nzima.

Siku ya kuvaa joho, Filemoni alikuwepo. Alisafiri naye, amevaa shati la bluu, akakaa kwenye viti vya wageni katikati ya Gift na mwanamume asiyemjua aliyekuwa akipiga vigelegele kama mwanamke. Sherehe ilipokwisha Ethel aliwatafuta katika ule umati, joho likimburuza, kofia ikimwanguka. Filemoni alilishika joho, akalipapasa kwenye pindo, akaliachia.

"Nieleze," alisema.

Ethel alifungua kinywa. Kulikuwa na mengi: mahema, tarumbeta, rangi za majoho ya wakubwa walioketi jukwaani, mama mmoja wa Kimakonde mwenye chale usoni aliyelala usingizi kwenye mstari wa mbele kabisa na hakuna aliyethubutu kumwamsha. Akakifunga.

"Nikuanzie wapi?" aliuliza.

Filemoni aliinamisha kichwa, akafikiri kwa muda wake, watu wakiwapita pande zote na Gift akiwahimiza kwamba mpiga picha anasubiri.

"Anza na huyu jirani yangu wa vigelegele," alisema. "Ni mtu wa namna gani?"